Alama Nyekundu Nyuma ya Bango

Vijana wa ofisi ya mabango na bustani za barabarani wamenikataza kuondoka mikono mitupu. Waliniletea daftari nene na kalamu mbili, wakasema, "Mama Halima, andika. Ukifa na mambo yako utakuwa umetuibia." Heshima gani hiyo! Nimestaafu mwezi uliopita, meno yangu yote ninayo, na tayari wanazungumzia kufa kwangu. Haya, nimekaa barazani, chai iko mezani, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilinifikia kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaeleza namna nilivyofundishwa kazi, kisha nitaeleza habari ya alama moja nyekundu, kwa sababu kila mwajiriwa mpya huniuliza kwa nini ofisi yetu hutia alama nyuma ya bango na si mbele, na mimi siku zote nimejibu, "Ni utaratibu," nikabadilisha mazungumzo.

Niliingia kazini miaka ya mwanzo ya utawala wa wanajeshi, msichana wa miaka ishirini, mpiga chapa. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, Mnubi wa Bombo, na sisi watoto tulikulia katika nyumba za polisi Nsambya, mlango kwa mlango na Waacholi, Walugbara na Wateso. Mle ndani tuligombana uwanjani kwa Kiswahili, na ndicho mama zetu walichotusutia. Nje ya ukuta mambo yalikuwa mengine. Kampala ilikijua Kiswahili kama lugha ya kukamatia watu. Ukimwambia mtu "Njoo hapa" sokoni, hata asiye na kosa alianza kujitetea.

Siku ya tatu tangu niajiriwe, mlango wa chumba cha mashine ulifunguliwa, akaingia mzee mwembamba aliyevaa koti la kijivu na viatu vilivyong'arishwa mpaka vikachakaa. Mkononi alishika fimbo ndefu yenye mstari mweusi kila futi moja.

"Nani hapa anajua Kiswahili cha askari?" aliuliza kwa Kiganda.

Mashine zote zikanyamaza. Wenzangu wakainamia karatasi zao. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikainua mkono.

Huyo ndiye Mzee Erisa, mkuu wa kitengo cha mabango na bustani. Kitengo chenyewe kilikuwa yeye, ile fimbo, brashi, kopo la rangi nyekundu na vibarua sita wa kitalu cha miche. Alikuwa Mganda wa Kawempe, baba wa mapacha, kwa hiyo majirani walimwita Ssalongo na mkewe Nnalongo, kama ilivyo desturi yao. Shida yake ilikuwa moja. Maduka mengi ya mjini yalikuwa yamepata wenye wapya baada ya Wahindi kufukuzwa, wengi wao wanajeshi na jamaa za wanajeshi, na kila mmoja alitaka bango kubwa kuliko la jirani yake. Mzee akiwaendea na Kiganda chake cha adabu, walimcheka. Akijaribu Kiswahili, aliita barabara "balabala" na rangi "langi", akaanza kwa salamu ndefu za Kiganda, na wao wakamcheka zaidi. Alihitaji mtu wa kusema. Basi kuanzia siku hiyo nikawa mdomo wa kitengo.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Bango lolote kwenye barabara kuu lisimame futi thelathini kutoka ukingo wa lami, lisizibe kona, lisizibe taa, na mti usikatwe ili bango lionekane. Lililovunja kanuni lilitiwa alama ya mkasi kwa rangi nyekundu, mistari miwili iliyokatana, na chini yake namba ya notisi. Mwenyewe alipewa siku kumi na nne za kuliondoa au kukata rufaa. Ofisi zote za namna hiyo nilizosikia zilitia alama mbele. Mzee Erisa alitia nyuma.

"Mtu ana duka," aliniambia siku ya kwanza, akichovya brashi. "Ana wateja, ana wakwe zake wanapita hapa. Mimi nimuaibishe kwa ajili ya futi kumi? Alama ni ya mwenyewe na ya ofisi. Inakaa nyuma."

"Na kilichoandikwa mbele, Mzee? Hatusomi?"

"Hatusomi, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Tukianza kusoma tutaanza kupenda. Tukipenda, futi zitapungua. Sisi tunapima tu."

Na kweli hakusoma. Nimemwona akipima mabango kumi kwa siku na jioni hajui hata moja lilikuwa linauza nini.

Taabu yangu mimi ilikuwa ngazi. Wakati huo serikali ilikuwa imepiga marufuku wanawake kuvaa magauni mafupi, kisha ikapiga marufuku na suruali. Sasa niambieni, msichana wa kupanda ngazi futi kumi na mbili, kwenye upepo wa Barabara ya Bombo, avae nini? Nilivaa gauni refu la mama yangu na kulifunga kwa kamba ya katani kwenye vifundo vya miguu. Wanafunzi wa Wandegeya walikuwa wakikusanyika kunitazama nikishuka kwa kuruka miguu miwili pamoja. Wacha wacheke. Sikuanguka hata siku moja, na mmoja wa waliocheka alinioa.

Katika kesi za mwanzo, ninayoikumbuka kwa furaha ni ya Abdi, fundi magari wa Kisenyi, Msomali mrefu mwenye maneno mengi. Alikuwa ametundika mlango mzima wa pikapu juu ya njia ya waenda kwa miguu, akauandika jina la gereji yake. Nikamwambia bango hilo litamwangukia mtu.

"Dada yangu, hili si bango," akasema. "Huu ni mlango."

Mzee Erisa akakuna kidevu. "Kama ni mlango," akasema polepole, "tufungulie tuingie."

Abdi alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Akautundika upande wa ndani wa uzio, akatupa chai ya maziwa yenye iliki, na tukawa marafiki. Nawaambia vijana, mwenye bango si adui yenu. Mtamhitaji.

Basi ikafika ile siku. Ulikuwa mwaka wa ugeni mkubwa, wakuu wa nchi nyingi wanakuja Kampala, na jiji lote lilikuwa likioshwa uso. Mawe ya kingo za barabara yalipakwa chokaa. Sisi wa kitalu tulipanda maua ya kana mpaka tukayakinai, nyekundu na njano, toka uwanja wa ndege hadi mjini. Sukari hakuna, sabuni hakuna, lakini maua tele! Asubuhi moja Mzee nami tulikuwa tukienda kwa miguu Barabara ya Entebbe, tunatoka upande wa mjini, tunakagua miche. Kwenye kona moja kali tukakuta bango jipya la plaiwudi, kubwa kuliko chumba changu. Jana yake halikuwepo. Lilitazama magari yanayotoka uwanja wa ndege, kwa hiyo sisi tulikuwa tumelifikia kwa mgongo.

Mzee alilaza fimbo yake. Futi tisa. Alipima mara ya pili, maana alikuwa mtu wa haki. Futi tisa. Gari likitoka Entebbe kwa kasi lisingeona lori linalokuja mpaka yabusiane. Akachovya brashi, akachora mkasi mkubwa mwekundu, pembe hadi pembe, akaandika namba ya notisi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Mimi nikaliandika daftarini. Kisha nikazunguka mbele ili nione jina la kampuni ya kupelekewa barua.

Toba yarabi! Hapakuwa na kampuni. Ilikuwa picha ya Rais, toka kofia hadi kifuani, na medali zote.

Enzi hizo mtu alipotea kwa sababu ya kupiga chafya mahali pabaya. Askari walikuwa wakimtia kwenye buti ya gari mchana kweupe, na walioona wakageuza nyuso zao. Nikaita, "Mzee, njoo uone." Akaja, akavua kofia, akatazama sana.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

"Tufanye nini?"

"Futi ni ngapi?"

"Tisa, Mzee, lakini..."

"Basi ni tisa."

Nilikimbia nyuma nikaanza kusugua rangi kwa majani. Ikaenea, ikawa mbaya zaidi. Mzee akanishika mkono. "Acha, Halima. Ukifuta inakuwa kosa. Sasa hivi bado ni notisi."

Sikupata nafasi ya kubishana. Askari wawili waliowekwa kulinda bango walikuwa wamevuka barabara kununua mihogo, na sasa walikuwa wanarudi. Walituona sisi, waliona kopo, waliona mkasi mwekundu. Mihogo ikaanguka. Robo saa baadaye tulikuwa kambini mbele ya Meja.

Meja huyo ndiye aliyepewa kazi ya kusimamisha picha njiani mwa wageni. Alikuwa mtu mnene, na jasho lilikuwa linamtoka kabla hatujafika.

"Nani natia msalaba kwa picha ya Rais?" akauliza.

"Afande," nikasema, kwa Kiswahili kile cha baba yangu, nikiwa nimesimama wima kama nilivyoona polisi wakisimama, "picha haijaguswa na mtu. Alama iko nyuma, kwenye ubao. Sisi hatuangalii mbele."

"Munatia alama kwa kitu bila kuangalia?"

"Ndiyo, afande. Ndiyo kazi yetu."

"Hii kazi gani ya wazimu?"

Nikadhani nimeanza kumlainisha. Lakini Mzee Erisa, Mungu amrehemu, hakuwa na uwezo wa kunyamaza mbele ya swali la kazi. "Ni futi tisa, ssebo," akasema, yaani bwana. "Shelia ni thelathini."

Meja akainuka. "Wewe mzee, unasema Rais iko karibu sana na barabara?"

"Ubao, ssebo. Ubao ndio uko karibu."

Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Ndipo nikaona jambo ambalo woga ulikuwa umenizuia kuliona: Meja mwenyewe alikuwa anaogopa. Wageni wangepita kesho yake kuanzia saa nne asubuhi. Wakienda mjini wangeona medali. Lakini magari yangerudi uwanja wa ndege kuchukua wengine, na wakubwa wake ndani ya magari hayo wangeona mgongo. Angeulizwa yeye.

"Sikia, binti," akasema. "Picha haitoki, Rais mwenyewe najua iko pale. Alama ndio inatoka. Mzee huyu anabaki hapa kwangu. Kesho saa tatu mimi nakuja pale. Alama imepotea, mzee anakwenda nyumbani. Alama iko..." Hakumaliza. Alifunga droo ya meza yake, basi.

Mzee alinikabidhi fimbo. "Iweke pakavu," akaniambia, "mvua huipinda." Maneno hayo tu. Nililia barabara nzima, sioni haya kusema.

Saa ilikuwa sita mchana. Nikaenda stoo ya ofisi kutafuta rangi ya kufunika. Hakuna hata tone. Ilikuwapo chokaa peke yake. Nikabeba ndoo ya chokaa hadi kwenye kona, nikapaka huku wale askari wananitazama. Chokaa juu ya rangi ya mafuta! Hata mtoto wa shule angeniambia. Ikateleza ikashuka chini, na mkasi ukabaki unang'aa kama umeoshwa. Nikakimbilia Kisenyi kwa Abdi kutafuta thina ya kuyeyushia rangi.

"Dada, thina yote imekwenda kupaka magari ya wageni," akasema. "Mji mzima hupati. Mzee wetu yuko wapi?"

Nikamwambia. Abdi hakusema mzaha hata mmoja. Akachukua spana, akaenda kwenye uzio, akaushusha ule mlango wenye jina la gereji yake, akaufunga kwenye pikapu kuukuu iliyokuwa imekaa uani bila mlango wa abiria. Ukaingia sawasawa. Siku hiyo ndipo niliposadiki kwamba ulikuwa mlango kweli.

"Panda," akasema. "Twende popote."

Popote kwenyewe kulikuwa Kawempe, kwa sababu hata kama sina la kufanya, mke wa mtu lazima aambiwe. Nilifika kwenye geti la Mzee Erisa nikashindwa kuingia. Nilipapasa huku na huku nikitafuta komeo, sikuliona. Ua kubwa la bogenvilia, la zambarau, lilikuwa limepanda geti lote, nguzo zote na nusu ya paa la jiko, na komeo lilikuwa limemezwa humo ndani. Nikaita, "Nnalongo! Komeo liko wapi?" Na nilipotoa neno hilo mdomoni, nikaacha kupapasa. Nikalitazama ua lile tena, kuanzia chini mpaka juu.

Nnalongo alikuwa ameketi jikoni akimenya matoke. Nilimweleza yote, nimepiga magoti kama wanavyosalimiana wao. Hakupiga kelele. Kisu kilisimama katikati ya ndizi, kisha kikaendelea mpaka ndizi ikaisha. Sikujua nimwambieje kuhusu ua, maana majirani wote walijua habari zake; Mzee alilipanda wiki waliyozaliwa mapacha, Wasswa na Kato, na mama yao alilimwagilia kwa maji ya kuogeshea watoto.

"Nnalongo," nikaanza, "kule kwenye bango panahitaji kitu cha kufunika..."

Alikuwa ameshasimama na kushika jembe.

"Chimba kwa mbali," akaniambia, "usije ukakata mzizi mkubwa. Na usikie vizuri, mwanangu. Sikupi, nakuazima. Nitataka vyote viwili, mtu wangu na ua langu."

Sasa vijana wa bustani, sikilizeni. Kitaalamu, bogenvilia iliyokomaa haihamishwi hivi hivi. Unaikata matawi nusu, unachimba mfereji kuizunguka, unaiacha wiki kadhaa izoee, ndipo unaing'oa. Sisi tulikuwa na saa chache, na matawi ndiyo hasa tuliyoyataka. Tulichimba bonge la udongo la ukubwa wa pipa, tukalifunga kwa magunia mabichi, tukalaza matawi moja moja juu ya pikapu tukiyafunika kwa majani ya migomba. Nnalongo, wana wake wawili, Abdi na mimi, sote mikono inatoka damu, maana bogenvilia ina miiba isiyomjua mwenyewe. Jua lilipopoa tulilimwagilia ua maji. Alfajiri, kabla umande haujakauka, tulikuwa kwenye kona. Askari walitusaidia kuchimba. Nadhani hata wao walikuwa wamechoka kuogopa. Tukalipanda nyuma ya bango, tukapandisha matawi juu ya ubao na kuyafunga kwa waya, moja moja, mpaka nyekundu yote ikaisha. Mkono mmoja wa mkasi, ule wa juu kulia, ulinipa shida. Nilipanda ngazi, gauni limefungwa kamba, nikauziba kwa tawi la mwisho.

Saa tatu Meja akafika na gari, Mzee Erisa amekaa kiti cha nyuma kati ya askari wawili. Meja akazunguka nyuma ya bango. Akasimama. Zambarau tupu, toka chini hadi juu.

"Alama iko wapi?" akauliza.

Uongo ulikuwa mdomoni, tayari. Lakini Mzee alikuwa ananitazama kupitia dirishani. "Afande," nikasema, "itafute mwenyewe."

Akaingiza mkono kwenye majani. Akautoa upesi, kidole kimechomwa na mwiba. Akakiweka mdomoni kama mtoto. Tulisubiri. Abdi alikuwa akisoma dua chini chini, nami nikaungana naye. Kisha Meja akaanza kutikisika tumbo, na kumbe anacheka.

"Hii maua mukali," akasema. "Iko walinzi kuliko hawa wangu! Mama, wewe natia hii maua nyuma ya picha zote. Zote! Mimi naleta watu na maji."

Akamfungulia Mzee mlango wa gari kwa mkono wake.

Mzee alishuka polepole, viatu havina kamba. Walimpa chai isiyo na sukari, alisema, na asubuhi aliwapalilia kitanda cha maua cha mbele ya lango kwa sababu kilimuudhi. Kulikuwa na chumba cha pili kule, cha watu wasiorudi. Juu ya chumba hicho hakusema neno, si siku ile wala baadaye, na mimi sikumuuliza. Alimshika Nnalongo mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akalitazama ua.

"Hili ni la kwetu."

"Ndiyo, Ssalongo," mkewe akasema.

Akanigeukia, akanyoosha mkono apewe fimbo yake. "Umelipanda futi ngapi kutoka kwenye lami?"

"Nane, Mzee."

"Basi nalo halifai," akasema, na machozi yakawa yanamtoka. Ikabidi Nnalongo amvute kwa koti aingie kwenye pikapu.

Ua lilipukutisha majani yote kabla ya wiki kwisha, kama kitabu cha bustani kinavyosema. Wageni walikuwa wameshapita, na Meja, kwa bahati, alikuwa ametimiza ahadi ya watu na maji, hivyo tukaziba mapengo kwa miche ya kitalu mpaka lilipochipua upya. Likachipua kwa hasira. Kwa miaka iliyobaki ya utawala ule, kila picha ya Rais njiani ilikuwa na bogenvilia mgongoni, na watu wakasifu ubunifu wa serikali. Kwenye kona yetu tulipanga mawe meupe na kibao cha kuonya madereva, ndicho tulichoweza. Lakini daftarini Mzee alikataa kufuta ile notisi. Kila mwisho wa mwezi aliisoma kwa sauti ndogo, mlango umefungwa: "Futi tisa. Bado halijaondolewa." Kisha akafungua ukurasa mwingine.

Utawala ule ulipoanguka, siku mizinga iliponyamaza, watu walihitaji mbao kuliko picha. Tulipofika kwenye kona, Mzee na mimi, plaiwudi ilikuwa imekwenda yote. Zilibaki nguzo mbili. Mzee akakaa juu ya jiwe jeupe, akafungua daftari, akaandika nami nikimwangalia begani: "Limeondolewa na wananchi. Mwenye bango hakukata rufaa." Ni kweli, alikuwa ameshavuka mpaka. Tulicheka mpaka mwanamke mmoja aliyepita na godoro kichwani akaanza kucheka na sisi bila kujua habari.

Likabaki ua. Bila ubao wa kuegemea lilikuwa limejimwaga na kuziba kona kuliko hata bango lenyewe. Mzee alilaza fimbo, akapima mara mbili, akachovya brashi. Alitia alama ndogo nyekundu kwenye shina, upande wa nyuma. Safari hii tulifanya kwa kitabu: tukakata nusu, tukazungusha mfereji, tukangoja wiki zake. Abdi akaleta pikapu.

Nnalongo alikuwa amesimama getini akitusubiri. "Umechelewa kunirudishia," akaniambia.

"Nisamehe, Nnalongo. Cha kwanza nilikuletea mapema."

Shimo alikuwa ameshalichimba mwenyewe, palepale pa zamani, ukingoni mwa barabara. Mzee Erisa akalitazama shimo, akaitazama barabara, mkono ukaanza kuitafuta fimbo.

"Ssalongo," mkewe akasema, "weka fimbo yako chini."

Akaiweka. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye, hapo ndipo mahali pekee ambapo hakupima.

Mzee alitangulia zamani. Nnalongo yupo, masikio mazito lakini macho makali. Wiki yangu ya mwisho kazini, kabla sijawakabidhi ninyi vijana hiyo fimbo iliyoegemea ukuta wa ofisi, nilipita Kawempe kumsalimia. Geti limemezwa tena, komeo halionekani. Nikaangalia huku na huku, nikahakikisha hanioni, nikailaza fimbo kutoka kwenye lami hadi kwenye shina. Futi kumi na moja na nusu.

Brashi ilikuwa mkobani, na kopo pia; nikaviacha humo humo. Nikapapasa kwenye miiba mpaka nikalipata komeo, nikaingia kunywa chai.